Mwezi, Bahari na Mwendo wa Dunia

Mambo tuyaonayo kila siku ndiyo tunayosahau kuyauliza. Msomaji, ukienda pwani ya Lamu, Malindi au Mombasa, ukakaa hapo mchana mmoja na usiku wake, utaona bahari ikijaa mara mbili na kupwa mara mbili. Asubuhi maji yapiga ukuta na mashua zaelea. Baada ya saa sita hivi maji yamekwenda mbali, mashua zimelala ubavu juu ya mchanga, na watu wanatembea kwa miguu juu ya mwamba wakichokoa pweza, mahali ambapo asubuhi wangezama. Mgeni atokaye bara hushangaa. Mwenyeji hashangai tena. Lakini swali la mgeni ni swali jema: maji haya yamekwenda wapi, na ni nani anayeyaita yarudi?

Mvuvi wa pwani, hata kama hakuingia darasani, analo nusu ya jibu. Anajua kwamba maji yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho yatajaa karibu na saa tano, kwa maana kila siku hukawia kiasi cha dakika 50. Anajua kwamba mwezi uandamapo, na tena upevukapo, haupiti muda mrefu ila huja bamvua, maji yakapanda juu sana na kushuka chini sana. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Katika bandari ya Mombasa tofauti ya maji ya juu na maji ya chini hupita mita 3 wakati wa bamvua. Wakati wa maji mafu hupungua ikawa kama mita 1. Kwa hiyo atakaye kujua saa ya kutoa ngalawa yake hutazama mwezi kwanza. Ila kujua wakati wa jambo si kujua sababu yake. Katika kurasa hizi nitakusimulia jinsi wanadamu walivyoitafuta sababu hiyo kwa zaidi ya miaka 2000, na jinsi mmoja wa wenye akili kubwa kuliko wote alivyopotea njiani, ingawa jambo alilotaka kulithibitisha lilikuwa kweli.

Wayunani na Warumi wa kale, ambao vitabu vyao vilisomwa sana katika Ulaya, walikaa kando ya bahari ya Mediteranea. Bahari hiyo imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na katika sehemu zake nyingi maji hayapandi wala hayashuki kiasi cha kumshughulisha mtu. Kwa sababu hiyo walipofika kwenye bahari kuu walipatwa na mshangao, na wengine walipatwa na hasara. Mwaka 325 kabla ya Kristo, Aleksanda Mkuu alifika na merikebu zake kwenye midomo ya mto Indus. Maji yakapwa, merikebu zikabaki juu ya tope. Maji yakarudi kwa nguvu, na baadhi zikavunjika. Mwaka 55 kabla ya Kristo, Julius Caesar alipovuka kwenda Uingereza, maji ya mwezi mpevu yaliungana na dhoruba yakaharibu vyombo vyake vingi. Warumi wale walikuwa mabingwa wa vita, lakini jambo ambalo mvuvi yeyote wa nchi ile angaliwaambia hawakulijua.

Walikuwako hata hivyo watu waliotazama kwa makini. Mmoja ni Seleucus, mwanachuoni wa nchi za Babeli, aliyeishi katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Yeye alipata habari za maji ya bahari ya upande wetu, yaani ile ambayo Wayunani waliiita Bahari ya Eritrea, jina lililojumlisha Ghuba na Bahari ya Hindi. Alisema kwamba kujaa na kupwa kwa maji kunafuata mwezi. Tena alikuwa miongoni mwa watu wachache wa zama zile waliosema kwamba dunia haikutulia bali inakwenda. Angalia, msomaji, jinsi mambo haya mawili, mwezi uvutao maji na dunia iendayo, yalivyokutana katika kichwa cha mtu mmoja mapema hivyo, kisha yakaja kutengana kwa muda mrefu.

Habari ya mwezi haikusahauliwa. Mwaka 725 mtawa Mwingereza aitwaye Bede aliandika kwamba maji hufuata mwezi, na kwamba kila bandari ina saa yake, hata kama bandari mbili zimo katika pwani moja. Katika karne ya 9 Abu Ma'shar, mzaliwa wa Balkh aliyefanya kazi Baghdad, alieleza kwa urefu jinsi maji yanavyojaa na kupwa kwa kufuata mahali ulipo mwezi mbinguni. Kitabu chake kilifasiriwa katika Kilatini katika karne ya 12, na wanachuoni wa Ulaya wakakisoma. Lakini Abu Ma'shar alikuwa mnajimu wa kupiga falaki, na kwake yeye mwezi uliyatawala maji kama ulivyotawala bahati za watu. Hivyo elimu ya kweli ya maji ikasafiri katika chombo kimoja na ramli. Neno hili ulikumbuke, kwa maana baadaye lilileta madhara.

Sasa tuligeukie jambo la pili. Je, dunia yenda au imetulia? Ptolemy wa Iskandaria, katika karne ya 2 baada ya Kristo, alifundisha kwamba imetulia katikati, na jua, mwezi na nyota zaizunguka. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Alisema kwamba lau dunia ingezunguka kwa kasi, mawingu na ndege wangeachwa nyuma. Huko Bara Hindi, mwaka 499, Aryabhata alijibu kwa mfano ambao kila mwana wa pwani ataufahamu: mtu aliye ndani ya chombo kiendacho huona miti ya ukingoni ikirudi nyuma, na vivyo hivyo sisi tulio juu ya dunia izungukayo huona nyota zikienda magharibi. Lakini mafundisho ya Ptolemy ndiyo yaliyoshika nguvu, mpaka mwaka 1543, Copernicus wa Poland alipotoa kitabu chake akisema kwamba dunia hujizungusha mara moja kila siku, na hulizunguka jua mara moja kila mwaka.

Copernicus alieleza vizuri, ila hakuwa na shahidi. Hakuna mtu aliyeusikia mwendo huo chini ya nyayo zake. Ndipo akatokea Galileo Galilei, aliyezaliwa Pisa mwaka 1564. Huyu ndiye aliyeielekeza darubini mbinguni akaona milima ya mwezi, na mwezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii. Alisadiki kwa moyo wote kwamba dunia yenda, na alitafuta shahidi ambaye hapana mtu angeweza kumkana. Kwa miaka 18 alikuwa amefundisha Padua, katika dola ya Venice, mji uliojengwa ndani ya maji. Huko aliviona vyombo vilivyoleta maji matamu mjini. Chombo kikiongeza kasi, maji yaliyomo hubaki nyuma yakapanda upande wa tezi. Kikipunguza kasi ghafula, maji hukimbilia omo. Galileo akawaza: je, bahari nayo si maji ndani ya chombo? Na chombo chenyewe si dunia?

Akajenga hoja yake hivi. Dunia ina miendo miwili, wa kujizungusha na wa kulizunguka jua. Upande wenye usiku miendo hiyo huelekea njia moja, na mahali hapo huenda kwa kasi zaidi. Upande wenye mchana miendo hupingana, na mahali hapo huenda kwa kasi kidogo. Basi kila pwani huharakishwa na kukawizwa kila siku, na maji yake hucheza kama maji ya kile chombo cha Venice. Kwa hiyo, alisema, kujaa na kupwa kwa bahari ni ushahidi kwamba dunia yenda. Aliandika hoja hiyo mara ya kwanza mwaka 1616, na mwaka 1632 akaifanya kuwa kilele cha kitabu chake kikubwa cha mazungumzo ya siku nne, siku ya mwisho ikiwa ya maji ya bahari. Alitaka hata jina la kitabu litaje maji hayo, lakini wakuu wa kanisa wakamkataza.

Pima hoja hiyo, msomaji, kwa kipimo cha mvuvi. Kama sababu ni usiku na mchana, maji yangejaa mara moja tu kila siku, na saa yake isingebadilika mwaka mzima. Lakini tumeona kwamba maji hujaa mara mbili, na kila siku hukawia. Galileo alijua ya kuwa maji hujaa mara mbili. Akasema ni kwa ajili ya urefu na kina cha kila bahari. Jambo la mwezi alilidharau. Johannes Kepler, mwanafalaki mkubwa wa Ujerumani, alikuwa ameandika mwaka 1609 kwamba mwezi huyavuta maji ya bahari. Galileo alimheshimu Kepler, lakini alistaajabu kuona mtu kama yeye akikubali habari ya nguvu iliyofichika, ambayo kwake ilinuka ramli na unajimu. Hapa ndipo palipozaa yale madhara niliyokutajia. Ukweli uliokuwa umepanda chombo kimoja na ramli ulitupwa baharini pamoja nayo.

Tena kulikuwa na kasoro nyingine. Katika kitabu kile kile, siku ya pili ya mazungumzo, Galileo mwenyewe alifundisha kwamba mtu aliyefungiwa ndani ya chumba cha merikebu iendayo sawasawa hawezi kujua kama merikebu yenda au imesimama, kwa kuwa vyote vilivyomo vinashiriki mwendo huo huo. Hilo ndilo jibu halisi kwa Ptolemy: mawingu na ndege hawaachwi kwa sababu wanakwenda pamoja na dunia. Lakini ikiwa ni hivyo, maji ya bahari nayo yanashiriki mwendo wa kulizunguka jua, na mwendo huo hauwezi kuyarusha huku na huku jinsi alivyodai. Mkono wake wa kulia ulijenga, na mkono wake wa kushoto ukabomoa.

Mwaka 1633 Galileo aliitwa Roma ahukumiwe. Alikuwa mzee wa miaka 69. Alilazimishwa kupiga magoti na kukana kwamba dunia yenda, akafungiwa nyumbani kwake mpaka alipokufa mwaka 1642. Kitabu chake kilibaki katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mpaka karne ya 19. Waamuzi wake walikosa, kwa maana dunia yenda. Naye alikosa, kwa maana ushahidi alioutegemea haukuwa ushahidi. Hukumu ya nguvu haikuifanya dunia itulie, wala ushujaa wa Galileo haukuifanya hoja yake iwe sahihi. Haya ni mambo mawili, na mwenye kusoma historia hana budi kuyashika yote mawili bila kuliacha moja kwa ajili ya mapenzi ya lingine.

Jibu lilitolewa mwaka 1687 na Isaac Newton wa Uingereza. Newton alionyesha kwamba kila kitu huvuta kila kitu kingine, na kwamba uvutano huo hupungua kadiri umbali unavyozidi. Nguvu ileile iangushayo nazi kutoka mnazini ndiyo iushikao mwezi katika njia yake. Hapakuwa na ramli tena, bali hesabu. Mwezi huyavuta maji. Na kwa kuwa huvuta zaidi kilicho karibu, maji ya upande uuelekeao mwezi hupanda.

Lakini utauliza: mbona maji hujaa hata upande wa pili, mgongoni mwa dunia, ambako mwezi hauonekani? Fikiri ngalawa tatu zikifuatana ndani ya mkondo, na mkondo huo una nguvu zaidi mbele kuliko nyuma. Ya mbele itachukuliwa kwa kasi, ya kati kwa kiasi, na ya nyuma polepole. Mtu aliye katika ngalawa ya kati ataona zote mbili zikiachana naye, moja mbele na moja nyuma. Ngalawa ya mbele ni maji yaliyo karibu na mwezi, ya kati ni dunia yenyewe, na ya nyuma ni maji ya upande wa mbali. Mwezi huvuta vyote vitatu, ila si kwa nguvu sawa, na tofauti hiyo ndiyo ifanyayo vilima viwili vya maji. Dunia ikizunguka chini ya vilima hivyo, kila mahali hupita penye maji mengi mara mbili. Na kwa kuwa mwezi nao umesogea mbele wakati dunia ikijizungusha, dunia huchukua dakika 50 zaidi ya saa 24 kuufikia tena. Hayo ndiyo masaa ya mvuvi, na sasa yamepata sababu.

Jua nalo huvuta. Ingawa ni kubwa sana, liko mbali sana, na nguvu yake juu ya maji haifiki nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi uandamapo na upevukapo, jua na mwezi huwa katika mstari mmoja na dunia, zikasaidiana kuleta bamvua. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, na maji yakawa mafu.

Hata hivyo Newton hakumaliza kazi. Bahari haikulifunika tufe lote. Imegawanywa na mabara, ina vina mbalimbali, na ina ghuba na milango. Katika miaka ya 1770 Laplace wa Ufaransa alionyesha kwamba kujaa na kupwa ni mawimbi marefu mno, yanayosukumwa na mwezi na jua, yakapindwa na mzunguko wa dunia na kuzuiliwa na nchi kavu. Ndiyo maana katika Ghuba ya Fundy, Kanada, maji huweza kupanda kiasi cha mita 16, na Venice huwa kama mita 1 tu. Na katika Ghuba ya Tonkin kuna mahali ambapo maji hujaa mara moja kwa siku. Hapa tumtendee haki Galileo. Aliposema kwamba urefu na kina cha bahari hubadili mwendo wa maji, alisema kweli. Alikosa kwa kukifanya kisaidizi kuwa mwenye nyumba. Mwaka 1872 William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu iliyojumlisha miendo hiyo yote na kuandika saa za maji kabla hazijafika. Leo kompyuta hufanya kazi hiyo, na bandari huchapisha majedwali ya maji ya mwaka mzima.

Na dunia je, ilipata shahidi wake? Ilipata, tena zaidi ya mmoja. Mwaka 1728 James Bradley alitambua kwamba nyota zote zaonekana kusogea kidogo katika mwaka, kama vile mvua iangukayo wima ionekanavyo kumjia usoni mtu akimbiaye, akalazimika kuuinamisha mwavuli wake mbele. Anayekimbia ni dunia. Mwaka 1838 Bessel alipima jinsi nyota moja ya karibu inavyohama mahali pake ikilinganishwa na za mbali, dunia ikiwa upande huu wa jua na tena upande ule. Na mwaka 1851 Léon Foucault alitundika tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 katika jengo la Panthéon, Paris. Likabembea, na watu wakaona njia ya kubembea kwake ikigeuka polepole kadiri saa zilivyopita, kwa sababu sakafu chini yake ilikuwa ikizunguka pamoja na dunia.

Ukiutundika uzito wa namna hiyo Nanyuki, ambako ikweta hupita, njia yake haitageuka, kwa kuwa hapo sakafu haizunguki kama tiara bali huchukuliwa mbele tu. Huko huko Nanyuki wageni huonyeshwa karai lenye tundu, maji yakizunguka huku upande wa kaskazini, na kule upande wa kusini, hatua chache tu kutoka ikweta. Usidanganyike. Ni kweli kwamba dunia huzunguka, na ni kweli kwamba dhoruba kubwa za kaskazini na za kusini huzunguka kinyume. Lakini maji ya karai huzunguka kwa jinsi yalivyomiminwa, kwa maana hatua chache kando ya ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia juu yake ni ndogo mno. Kosa hili ni dugu ya kosa la Galileo: jambo la kweli limepewa shahidi wa uongo.

Limebaki neno moja, na ndilo la ajabu kuliko yote. Bahari aliyoiita Galileo itoe ushahidi, mwishowe iliutoa, ila si ule aliouomba. Maji yakijaa na kupwa husuguana na sakafu ya bahari, na msuguano huo huizuia dunia kidogo kidogo, kama mkono ulioshika gurudumu kwa upole. Immanuel Kant alilitabiri jambo hili mwaka 1754. Sasa limepimwa: siku yetu huongezeka kama sehemu 2 za elfu za sekunde katika kila miaka 100, na mwezi hutuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo juu ya mwezi mwaka 1969, na kwa mwali wa mwanga upigao vioo vya namna hiyo na kurudi, umbali wake hupimwa. Naye John Wells, mwaka 1963, alihesabu mistari ya ukuaji katika matumbawe yaliyogeuka mawe, ya zama za karibu miaka milioni 400 iliyopita, akaona kwamba mwaka wa wakati ule ulikuwa na siku kama 400. Siku ile ilikuwa ya saa 22 hivi. Bandu bandu huisha gogo. Na maji yale yale yapigayo ukuta wa Lamu yanaibandua kasi ya dunia.

Basi, msomaji, utakapokuwa mwanafunzi wa elimu yoyote, chukua mafunzo mawili katika habari hii. La kwanza, usidharau ajualo mvuvi kwa sababu tu hajui kulieleza, wala usilitupe neno la kweli kwa sababu lilisemwa na mpiga ramli. La pili, ukiwa na hakika ya jambo, usikubali hoja dhaifu kwa kuwa inakupendeza. Pigana nayo kwanza wewe mwenyewe, kabla adui yako hajapigana nayo. Kisha siku utakapofika pwani maji yakiwa yamepwa, inua macho uutafute mwezi, na ukumbuke kwamba mahali uliposimama panakwenda.